Njia ya Kijani Kando ya Mto Nairobi: Kila Mita Ni ya Nani?

Tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, "mita 30" ni maneno yasiyokauka midomoni mwa wakazi wa Nairobi. Nyumba zilibomolewa Mathare na Mukuru kwa kuwa ziliingia ndani ya mita hizo kutoka mtoni. Machi 2025 ukazinduliwa mradi mkubwa wa kuufufua Mto Nairobi, na ahadi yake ni njia za miguu, njia za baiskeli na miti. Hapo maswali yakazidi kuchanganyika. Kama mwananchi haruhusiwi kujenga, mbona mkandarasi amwage zege papo hapo? Miti yote hiyo si itakuwa maficho ya vibaka? Mbu je? Na hao wanyamapori wanaotajwa, ndio fisi watakaozurura sokoni Gikomba?

Maswali yote ni halali. Mengi yanajibiwa na jambo ambalo wasemaji kwenye uzinduzi hawaligusi sana: upana wa ukanda na namna unavyogawanywa. Kilomita za urefu hutangazwa, mita za upana ndizo huamua.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Njia ya kijani ni ukanda mrefu wa ardhi yenye mimea, mara nyingi kando ya mto, bonde au reli iliyoachwa, ambao mtu anaupita kwa miguu au baiskeli bila kubanana na magari. Njia ya waenda kwa miguu kando ya Barabara ya Thika haihesabiki hata ikipandwa maua, maana inafuata magari na kukatwa na kila makutano. Bustani nayo ni kitu kingine. Bustani unaiendea, njia ya kijani unaipitia ukienda kazini, shuleni au sokoni. Michuki Park, kati ya Museum Hill na mzunguko wa Globe, ilifufuliwa upya mwaka 2020 na ni bustani ya kupendeza. Itakuwa njia ya kijani siku mtu atakapoweza kutoka Chiromo, kuipita, na kufika Kamukunji bila kuvuka barabara kuu kwa mbio.

Ukingo wa hifadhi ni ardhi ya kando ya maji ambayo sheria inazuia ijengwe. Hapa ndipo "mita 30" ilipotoka, na hapa ndipo pana mkanganyiko wa kwanza, kwa sababu sheria ya Kenya haisemi mita 30 kwa kila mto. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zilisema si chini ya mita 6 na si zaidi ya mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Kanuni za rasilimali za maji za 2007, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na za 2021, nazo zilifuata upana wa mto wenyewe: mto wa mita 12 ulipewa ukingo wa mita 12, ila usipungue 6 wala kuzidi 30. Kwa hiyo wapimaji wawili wenye nia njema waliweza kuweka bikoni mahali pawili tofauti, kila mmoja akiwa na karatasi ya sheria mkononi. Tanzania wamechagua namba moja: mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari, kwa mujibu wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004. Mkazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na mkazi wa Mathare wakizungumza kuhusu "mita za mto" wanazungumzia vitu viwili.

Neno la tatu ni wanyamapori. Fisi hawahusiki. Wanaokusudiwa ni wale ambao tayari wako mjini au mpakani mwake: yangeyange na mdiria majini, chozi na mnana kwenye maua na matete, popo wanaokula matunda na kusambaza mbegu, vyura, kenge, nguchiro, vipepeo, nyuki. Nairobi ina bahati ya Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, ambako watu hutembea na kuendesha baiskeli huku mbega wakiwa juu ya miti. Mbega hao walikuwa wametoweka wakarudishwa kwa kuhamishwa kutoka kwingine. Kiumbe mdogo anayetoka msitu kama huo hawezi kuruka kilomita tano za mabati na lami. Akipata ukanda wa mimea usiokatika, anasafiri polepole, kizazi hadi kizazi.

Sasa turudi kwenye upana. Fikiria nyumba ya Kiswahili. Barazani ndipo mgeni hukaribishwa, akanywa kahawa na kuondoka. Uani ni pa shughuli. Chumba cha ndani ni cha wenyewe. Ukingo wa mto wenye mita 30 unagawika vivyo hivyo. Mita 12 za kwanza kutoka majini ni chumba cha ndani: matete, mafunjo, miti inayopenda maji, hakuna njia, hakuna taa. Mita 10 zinazofuata ni ua: nyasi ndefu, vichaka, mitaro ya kunyonya mvua, mahali mto unapoweza kutandaza maji yake mafuriko yakija. Mita 8 za nje, zile za mbali kabisa na maji, ndizo baraza: mita 3 za baiskeli zinazokwenda na kurudi, mita 1 ya nyasi kutenganisha, mita 2 za waenda kwa miguu, na mita 1 ya nyasi fupi kila pembeni.

Wajenzi wengi hufanya kinyume. Njia huwekwa mita mbili kutoka majini, kwa sababu mandhari ni mazuri na kwa sababu upande wa nje una vibanda, kuta na kesi mahakamani, ilhali karibu na maji hakuna wa kugombana naye. Matokeo yanatabirika. Mashine za kushindilia hukata mizizi iliyoshikilia ukingo. Ukingo ukilegea, hujengwa ukuta wa kuulinda. Mafuriko ya kwanza makubwa hupitia nyuma ya ukuta na kuondoka na njia. Ndege waliokuwa wakivua hapo huruka kila mtu anapopita, mwishowe hawarudi. Kosa moja la mahali pa njia huzaa gharama nne.

Je, watu hawataki kuuona mto? Wanataka sana, na usipowapa pa kuuonea watajikatia vijia vyao wenyewe kupitia matete. Wape jukwaa la kutazamia kila mita 400 au 500, lenye upana wa mita 3 hivi na reli ya mkono, lililofikiwa kwa kijia kimoja chembamba. Kati ya jukwaa na jukwaa, matete ya kimo cha mtu yanatosha kumficha mpita njia. Yangeyange anayeona mtu wazi huruka. Asiyemwona anaendelea kuwinda vyura wake.

Ukingo ukiwa mwembamba, hesabu hubadilika. Kwenye mita 15, mto uachiwe 8, mtaro na vichaka 3, na njia ya pamoja ipate 4: mita 3 za kupita na nusu mita ya nyasi kila upande. Kwenye mita 6 ushauri ni mchungu lakini wa kweli: usijenge njia hapo. Ipeleke kwenye mtaa wa karibu, punguza kasi ya magari mtaani humo kwa matuta, weka alama, kisha irudi mtoni ukingo unapopanuka. Kulazimisha kila kitu ndani ya mita 6 huua vyote viwili. Baiskeli yenye mtu inayoyumba kidogo inachukua mita 1, mkokoteni uliopakia unazidi hapo, na mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mita 1.5 ili ageuke. Ongeza mama aliyebeba mtoto ubavuni mwa mwenzake na mita 2 zimekwisha.

Kinachofuata ni mvua, ambayo huharibu njia nyingi kuliko mto unavyoziharibu. Chukua kipande cha njia cha mita 100 chenye upana wa mita 3. Hiyo ni mita za mraba 300. Mvua ya milimita 50, ambayo Nairobi huipata kwa alasiri moja msimu wa masika, inamwaga juu ya kipande hicho lita 15,000: mapipa 75 ya lita 200. Maji hayo yana mahali pa kwenda ama yanajitafutia. Yakijitafutia, hukusanyika sehemu ya chini, huchimba pembeni mwa kabro (vitofali vya saruji vya kutandikia njia), hunyonya mchanga uliolazwa chini yake, na kabro hubonyea moja moja hadi baiskeli zinahama.

Dawa yake ni mtaro wa nyasi: mfereji mpana usio na zege unaokimbia sambamba na njia, upande wa mto. Kina cha sentimita 15 na upana wa wastani wa mita 1 kwa urefu wa mita 100 unabeba lita 15,000 zilezile. Kingo zake zilale kwa mlalo wa moja kwa tatu, yaani kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 3, ili nyasi zishike na mtoto akitumbukia atoke mwenyewe. Njia yenyewe iwe na mwinamo wa pembeni wa asilimia 2, yaani sentimita 6 kwenye upana wa mita 3, ukielekea mtaroni. Asiyeona mwinamo huo kwa macho ataujua akimwaga ndoo ya maji. Mahali maji yanapoingia mtaroni pawekwe mawe, la sivyo patachimbika shimo. Mahali yanapotoka pia.

Mtaro huo unapaswa kuwa mkavu ndani ya saa 48, na hilo ndilo jibu la swali la mbu. Watu wengi huamini majani ndiyo huzaa mbu. Mbu huzaliwa majini, na kutoka yai hadi mbu anayeruka hupita wiki moja au zaidi kidogo kwa joto la kwetu. Maji yanayozama kwa siku mbili hayawapi nafasi. Wanaowapa nafasi ni tairi lililotupwa, kifuniko cha chupa, chemba ya majitaka iliyofurika na mfereji wa zege ulioziba. Tembea kando ya mto wowote wa mjini uhesabu hivyo vinne, utajua mbu wanatoka wapi. Bwawa la kudumu lenye samaki wadogo na vyura lina viluwiluwi wachache wa mbu kuliko kopo moja nyuma ya kibanda. Ila mtaro uliojaa udongo mzito usiopitisha maji utawazaa kweli, kwa hiyo kabla ya kuuchimba, jaribu: chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yaache yazame, ujaze tena, upime kiwango kinachoshuka kwa saa moja. Kikishuka chini ya sentimita 1, changanya mchanga mwingi au weka tabaka la kokoto chini.

Aina ya udongo ina maana kubwa Nairobi. Magharibi, kuelekea Dagoretti na Westlands, ni udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Mashariki, kuelekea Embakasi na Ruai, ni udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Njia iliyojengwa kwa mchoro mmoja pande zote mbili itadumu upande mmoja na kupasuka mwingine. Kwenye udongo mweusi, chimba na kuondoa walau sentimita 30, mara nyingi 60, ujaze moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, au uchanganye udongo na chokaa kama mhandisi ataelekeza. Ni gharama, na ndiyo inayorukwa kwanza bajeti inapobana. Nyufa za urefu wa mita nyingi unazoziona kwenye njia za mashariki mwa jiji zimetoka hapo.

Kuhusu sakafu ya njia, kabro imekuwa kama jibu la kila kitu. Kwa waenda kwa miguu inafaa: unene wa milimita 60, juu ya mchanga wa sentimita 3 hadi 5, juu ya kifusi kilichoshindiliwa cha sentimita 15, na jiwe la pembeni la kuzishika zisitambae. Kwa baiskeli ni mateso. Kila kiungo ni mtikisiko, na mtu mwenye mzigo wa maziwa nyuma ataondoka arudi kwenye lami ya magari, kisha tutamlaumu kwamba hatumii njia aliyojengewa. Upande wa baiskeli uwekewe lami laini nyembamba. Moramu tupu ni ya bei nafuu na viumbe wanaipenda, lakini ni tope msimu wa mvua na vumbi Januari. Ibaki kwenye vijia vya kwenda majukwaani.

Mteremko usizidi mmoja kwa ishirini, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 20. Pale pasipowezekana, mmoja kwa kumi na mbili kwa kipande kifupi, na pa kupumzikia palipo tambarare kila mita 9 hivi. Ngazi peke yake zinamfungia nje mwenye kiti cha magurudumu, mwenye kigari cha mtoto na mwendesha baiskeli kwa pamoja. Njia ikipita chini ya daraja la barabara, dari iwe juu kwa mita 2.5 angalau, na kando yake ubaki ukingo mkavu wa nusu mita wenye udongo au mawe madogo, kwa ajili ya nguchiro na kenge. Bila huo, wanyama hupanda juu ya barabara na kugongwa. Wanaoishi mitini wanahitaji cha juu: Diani, shirika la Colobus Conservation limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya pwani, na mbega na kima wanayatumia.

Bodaboda zina ugumu wake, na asiyelitaja jambo hili anachora njia ya nchi nyingine. Watu hupenda vigingi. Vigingi vilivyoachana mita 1.5 vinazuia gari na kuruhusu kiti cha magurudumu, lakini tundu lolote linalopitisha baiskeli litapitisha pikipiki. Ukiweka vizuizi vya kupindapinda ili kuwakomoa bodaboda, unawakomoa walemavu na wenye baiskeli za mizigo, na bodaboda wanazunguka kupitia nyasi. Kinachofanya kazi ni mchanganyiko: stendi rasmi ya bodaboda nje ya kila lango, ili abiria ateremke hapo, njia yenye mapindo laini ambayo pikipiki haipati faida ya mwendo, na watu wengi ndani. Pikipiki huingia kirahisi pasipo na watu. Watu huja pakiwa na sababu ya kuja, na mama mboga mmoja langoni mwenye kibanda chake halali ni mlinzi asiyelipwa. Milango iwe kila mita 250 hadi 300. Mbali zaidi ya hapo, anayehisi kufuatwa hana pa kutokea.

Hapo tumefika kwenye vibaka. Hofu ni ya kweli na haifai kudharauliwa, hasa kwa wanawake. Lakini suluhisho la kufyeka kila kitu halikuondoa wizi kwenye viwanja vilivyo wazi kabisa katikati ya jiji. Kinachotakiwa ni uwezo wa kuona mbele. Ndani ya mita 3 kutoka njiani, vichaka visizidi kimo cha goti hadi paja, yaani sentimita 70 hivi; matawi ya miti yapunguzwe hadi mita 2.5 kutoka chini. Kati ya vimo hivyo viwili linabaki dirisha la macho ya mtu. Kwenye kona, uwazi ufike mita 25, ambao pia unamtosha mwendesha baiskeli wa kilomita 20 kwa saa asimame bila kumgonga mtoto. Nyuma ya mita hizo 3, kichaka kinaweza kuwa kizito kadiri ndege wanavyotaka.

Taa ndizo hukosewa zaidi. Nairobi imezoea mulika mwizi, ile nguzo ndefu yenye mataa makali juu. Kwa kiwanja inafaa. Kwa njia ya kijani inafanya kile isichokusudia: mtu akitoka kwenye mwanga wake mkali macho yanachukua muda kuzoea giza, na kivuli kilicho nyuma ya mti kinakuwa cheusi zaidi. Mwanga hafifu ulio sawasawa huonyesha nyuso vizuri kuliko mwanga mkali wenye mapengo. Nguzo za mita 4, kila mita 20 hivi, taa ya rangi ya manjano badala ya nyeupe ya kibuluu (kwenye boksi imeandikwa 2700K au chini ya hapo), kifuniko juu ili mwanga uende chini tu, na zote zisimame upande wa nje zikielekea njiani. Baada ya saa nne usiku zipungue nguvu zenyewe, ziongezeke mtu akipita. Upande wa mto ubaki giza. Popo wengi hawavuki ukanda wenye mwanga, wadudu wa usiku huizunguka taa hadi wafe, na vimulimuli hawawezi kutafutana wenzi mahali palipo na taa.

Kwenye miti, tatizo ni sherehe. Miche elfu moja hupandwa kwa asubuhi moja mbele ya kamera, na ikifika Septemba imebaki michache iliyobahatika kuwa karibu na bomba linalovuja. Mche hauuawi na upandaji mbaya peke yake. Unauawa na kiangazi cha kwanza na cha pili, mbuzi, na nyasi zinazounyonga. Bajeti yenye akili hutenga pesa nyingi kwa miaka mitatu ya kutunza kuliko kwa siku ya kupanda. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu uwekwe kando urudishwe kwanza ukiwa na debe moja la samadi iliyooza. Chana karatasi ya kitalu yote, na kama mizizi imejizungusha chini kama springi, ikate. Usipoikata, mti utakua miaka mitano kisha uanguke na upepo. Panda mvua zinapoanza, Machi au Oktoba, si zinapoisha. Kiangazi, lita 20 kwa wiki kwa mara moja ni bora kuliko kikombe kila siku, maana maji yazamayo huvuta mizizi chini. Weka majani makavu kuzunguka mche kwa unene wa kiganja, lakini yasiguse shina.

Mti gani? Karibu na maji: mkuyu, ambao matunda yake yanalisha ndege, popo na kima. Uani: mringaringa, mukinduri, na mugumo, mti wa jamii ya mkuyu ulio mtakatifu kwa Wakikuyu, pale penye nafasi. Mkuyu na mugumo viwe mita 8 hadi 10 kutoka kwenye sakafu yoyote, kwa sababu mizizi yake itainyanyua kabro na hakuna fundi atakayeishinda. Watu wakiukuta mugumo mkubwa tayari, njia ndiyo ipinde. Sababu za kiutamaduni zinatosha, na za kihandisi zipo pia.

Mkaratusi usipandwe kwenye ukingo. Hunywa maji mengi na chini yake hukua machache. Hata marehemu John Michuki, ambaye bustani tuliyoitaja ina jina lake, akiwa waziri wa mazingira mwaka 2009 aliagiza mikaratusi iondolewe karibu na vyanzo vya maji. Jakaranda nayo ni mgeni kutoka Amerika Kusini, lakini haina ubaya wa kiwango hicho. Iliyopo ibaki, inayopandwa upya iwe ya kiasili. Kinachostahili kung'olewa bila huruma ni lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko kinachofunika kila kitu. Ing'oe na mizizi kabla haijatoa matunda meusi. Kuikata juu ni kuipogoa tu.

Ukingo wenyewe wa mto usifanywe ukuta wima wa gabioni mwanzo hadi mwisho. Gabioni ni masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, yana kazi yake karibu na nguzo za madaraja na kwenye kona kali. Kwingine huharakisha maji, na maji yaliyoharakishwa huchimba ukingo wa jirani aliye chini. Chura na kobe wa maji hawawezi kuupanda ukuta huo. Mlalo wa moja kwa tatu, mawe kwenye unyayo tu, kisha nyasi za vetiva na mafunjo juu yake, hushika udongo na kuacha njia ya viumbe kuingia na kutoka. Acha na gogo moja moja lililoanguka, lisilosombwa na mafuriko. Kwa mkandarasi ni uchafu; kwa gogota, mijusi na mende wa kuozesha ni nyumba na chakula.

Nyoka? Nyasi ndefu kando ya mto zitakuwa nao wachache, kama zilivyokuwa siku zote, na chakula chao kikubwa mjini ni panya na vyura. Panya huletwa na taka. Ule ukanda wa mita 1 wa nyasi fupi kila pembeni mwa njia upo kwa sababu hii pia: mtu anaona anapokanyaga, nyoka naye hapendi kuvuka uwazi. Mapipa ya taka yawe na vifuniko vizito, la sivyo marabu na kima watayamwaga kila asubuhi, na yawekwe malangoni ambako gari la taka linafika.

Kuna imani moja zaidi inayohitaji kuvunjwa kwa sababu inavutia: kwamba mafunjo yatausafisha mto. Ardhioevu hung'arisha maji yaliyochafuka kiasi. Nyandungu mjini Kigali, bustani ya ardhioevu ya hekta 121 iliyofunguliwa 2022 yenye njia za miguu na baiskeli, inatumia mabwawa na mimea kwa kazi hiyo, na inafaa kutembelewa na kila anayepanga jambo kama hili kwetu. Lakini majitaka mabichi yakimwagika kutoka kwenye chemba iliyoziba, mafunjo hayatayaweza, na harufu itawafukuza watu kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo utaratibu wa kazi una maana: bomba la majitaka kwanza, kwa kuwa litachimbwa kando ya mto huohuo, halafu ukingo na mitaro, halafu mimea ya upande wa maji, halafu njia, taa mwisho. Njia ikijengwa kabla ya bomba, itavunjwa kupisha bomba. Na chemba zisiwekwe ndani ya njia ya baiskeli. Mfuniko wa chuma ukiibwa, na huibwa, shimo linabaki palepale gurudumu linapopita.

Njia ikishakamilika, kazi ya kila mwezi si kubwa ila haikubali kukatika. Nyasi za pembeni kila wiki mbili hadi tatu msimu wa mvua. Nyasi ndefu za uani mara mbili tu kwa mwaka, na kila mara theluthi moja iachwe bila kukatwa ili vipepeo na vifaranga wa ndege wanaotaga chini wabaki na pa kukaa. Sehemu inayoachwa ibadilike. Mtaro uzolewe tope kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Kabro iliyobonyea inyanyuliwe wiki hiyohiyo, mchanga urudishwe, kwa sababu moja iliyobonyea hukusanya maji yanayobonyeza kumi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza mtu mmoja aitembee njia yote akiwa na rangi ya kupuliza, azungushie alama kila dimbwi na kila mahali udongo uliposombwa. Asifanye hivyo kesho yake jua likiwa limewaka; aende mvua ikiwa bado inanyunya, maji yakiwa yanaonyesha yenyewe mahali mwinamo ulipokosewa.